Gego la mama: kung'oa ao kutibu mzizi?

Wandugu wa Bukavu, naomba ushauri. Mama, anakaa Kadutu, gego lake la chini limetoboka. Akinywa chai ya moto maumivu yanapanda mpaka sikioni, na usiku ndiyo hatari kabisa. Daktari wa kwanza alisema ling'olewe, bila hata kupiga picha. Mwingine anasema linaokoleka: atatoa neva iliyooza, asafishe mifereji ya mizizi, azibe, kisha alivishe kofia, yaani kifuniko kigumu cha jino. Mimi naegemea huyu wa pili, maana gego likitoka, la juu yake linaweza kuanza kushuka. Lakini kofia inakula dola! Je, anaweza kukaa kwanza na kizibo cha kawaida bila jino kupasuka? Nani ametibiwa mzizi hapa mjini, ao ng'ambo Kamembe, Rwanda? Bei ilikuwaje?