Tupeane uzoefu: shamba la babu, hati ya mtu mwingine

Mtoto wa Kadutu: Wana Bukavu na majirani, huku Kivu ya Kusini, Kongo, ni nani asiye na kesi ya shamba? Leteni yaliyowapata ninyi au wazee wenu: mgeni anatokea na karatasi, wenyeji mnaambiwa mhame. Siasa za vyama zikae nje.

Naanza na letu. Babu alipata shamba Kabare kwa kalinzi: ng'ombe kwa mwami (chifu wa jadi), kasiksi (pombe ya ndizi) kwa mashahidi, basi. Mwaka jana akashuka mtu wa mjini na hati ya kadasta, ofisi ya vipimo vya ardhi, inayochukua kilima chote, pamoja na kaburi la babu mwenyewe. Sheria ya ardhi ya 1973 inasema udongo ni wa serikali. Mashamba ya kimila yakaachiwa amri ya Rais, kifungu cha 389, na wazee wakafa wakiingojea.

Wa Kalehe: Pole ndugu. Lakini wewe angalau una mashahidi wa kasiksi. Sisi Batwa, watu wa msituni, kalinzi tungeitoa na ng'ombe gani? Tulikuwa na msitu wa Kahuzi. Mbuga ikatangazwa 1970, ikapanuliwa 1975 hadi kilomita za mraba 6,000 hivi, wazee wakatolewa bila fidia. Mama alizaliwa ndani, mimi nimezaliwa kwenye shamba la watu. Tunamlimia mwenye shamba ili atuachie pa kusimamisha kibanda, na akifa mtu wetu, kabla ya kulia vizuri lazima mmoja aende kupiga hodi kuomba pa kuzika.

Jirani wa Miti: Ni kweli, nawaona. Ila tuseme yote. 2018, familia kadhaa ziliporudi msituni, makala (mkaa) na mbao vilishuka kwa wingi. Waliopakia na kuuza mjini wengi hawakuwa Batwa. Pesa ikaenda kwao, risasi zikawakuta waliobaki ndani.

Mwanasheria Ibanda: Kisheria Batwa wameshinda. Sheria 22/030 ya Julai 2022 inawalinda, na 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu: serikali ilivunja haki zao, iwarudishie ardhi.

Wa Kalehe: Asante mukubwa. Tulisomewa, tukapiga makofi. Bado naomba pa kuzika.

Mama Walungu: Sisi tulipona, kwa ubishi wa shangazi. Kabla shamba la kijijini halijapewa hati, sheria inataka uchunguzi ufanyike palepale, wenyeji waulizwe. Shangazi akang'ang'ana aonyeshwe ripoti ya uchunguzi huo. Kumbe kati ya waliosaini "hakuna mwenye shamba" yumo jirani yetu tuliyemzika miaka miwili kabla ya tarehe ya sahihi! Tajiri aliyekuja na hati alipoona tumeleta na karatasi ya kifo kutoka parokia, akaanza kuzungumza taratibu.

Mtoto wa Kadutu: Mama, kopi ya ripoti mliipata wapi? Mimi nafukuzwa dirishani.

Mama Walungu: Usiende peke yako, papa. Nenda na chefu wa kijiji na mtu wa sheria, ombeni kwa barua, mbaki na kopi yenye muhuri wa kupokelewa. Na angalia tarehe ya kuandikishwa kwa hati.

Mwanasheria Ibanda: Hiyo tarehe ndiyo ya kwanza. Hati ikitimiza miaka 2 bila kupingwa, kifungu cha 227 cha sheria ile ya 1973 kinaifunga, haivunjwi tena. Yenu ni ya lini?

Mtoto wa Kadutu: Itatimiza mwezi ujao. Nakuandikia pembeni sasa hivi.