Maelezo ya soko la eneo yanapaswa kuingiaje katika hesabu ya thamani ya jengo la biashara?

Mjumbe wa Kamati

Ndugu wathamini na wote wenye uzoefu wa mambo haya, nawasalimu. Kamati yetu ya uwekezaji inafikiria kununua jengo la ghorofa sita, lenye maduka chini na ofisi juu, na tumeletewa ripoti ya uthamini inayonitia mashaka ingawa siwezi kusema kosa liko wapi. Kurasa kumi na nane za mwanzo zinaeleza eneo: idadi ya watu, barabara, viwanda, vyuo na hali ya ajira. Kisha inaanza sehemu ya hesabu, na humo sioni hata tarakimu moja iliyotokana na kurasa zile. Mthamini amechukua pango linalolipwa sasa, ametoa gharama za uendeshaji, na kilichobaki amekigawa kwa asilimia 8. Nilipouliza asilimia hiyo imetoka wapi, nilijibiwa kwamba ndiyo inayotumika sokoni. Je, hivi ndivyo inavyotakiwa, au maelezo ya eneo huwekwa kwa ajili ya kukamilisha utaratibu tu?

Mthamini Mstaafu

Ndugu Mjumbe, shaka yako ina msingi. Kazi ya maelezo ya eneo ni kutetea tarakimu tatu: pango ambalo jengo linaweza kupata sokoni, sehemu ya jengo itakayokaa wazi, na kiwango cha kugawia mapato. Ripoti isiyoonyesha uhusiano huo ni kama ripoti mbili zilizotiwa jalada moja.

Nianze na kiwango, kwa kuwa nguvu yake ni kubwa kuliko wanunuzi wengi wanavyodhani. Jengo linalobakiza mapato halisi ya milioni 100 kwa mwaka, baada ya gharama za uendeshaji lakini kabla ya marejesho ya mkopo na kodi ya mapato, lina thamani ya milioni 1,250 kwa kiwango cha asilimia 8. Kwa asilimia 10, jengo hilohilo lina thamani ya milioni 1,000. Moja ya tano ya thamani imeondoka, na hakuna tofali lililoguswa. Ndiyo maana kiwango hakikisiwi: mthamini hutafuta majengo yanayofanana na hilo yaliyouzwa karibuni, huhakikisha kwamba muuzaji hakulazimika kuuza na wala hana undugu na mnunuzi, kisha hugawa mapato halisi ya kila jengo kwa bei iliyolipwa. Mkiomba jedwali la mauzo hayo na likakosekana, basi asilimia 8 haina mguu wa kusimamia.

Angalieni pia mipaka ya soko. Mkoa ni mpaka wa utawala, nao wapangaji hawaujali. Soko la ofisi zenu ni yale majengo ambayo mpangaji angeyafikiria endapo angehama kesho. Soko la maduka ya chini ni jingine kabisa, kwa sababu linategemea mteja yuko tayari kwenda umbali gani kwa bidhaa ya aina hiyo.

Meneja wa Majengo

Naongeza jambo moja ambalo halionekani kwenye makaratasi. Niliwahi kukabidhiwa jengo ambalo daftari la wapangaji lilionyesha limejaa kwa asilimia 95. Nilishuka kwenye chumba cha mita za umeme na kulinganisha namba na zile zilizoandikwa miezi minne nyuma: mita za ghorofa mbili zilikuwa karibu hazijasogea. Nikapanda juu saa nne asubuhi, siku ya kazi. Kwenye kitasa cha mlango kulikuwa na vumbi, na bahasha zilikuwa zimerundikana chini ya mlango. Pango lilikuwa likilipwa kila mwezi kwa sababu mkataba ulikuwa hai, lakini wafanyakazi walikwisha kuhamishwa. Mikataba ilipoisha, ghorofa zote mbili zilirudi kwetu. Mthamini aliyesoma daftari peke yake aliyahesabu mapato hayo kana kwamba yangedumu. Ninyi ombeni daftari lenye tarehe ya mwisho ya kila mkataba, kisha mwende mkaone wenyewe.

Mjumbe wa Kamati

Nawashukuru sana. Nimepitia daftari: ghorofa tatu zimepangishwa na kampuni zinazotoa huduma kwa kiwanda kimoja kikubwa, na mikataba yao yote inaisha ndani ya mwaka mmoja. Ripoti inakitaja kiwanda hicho katika ukurasa wa saba, kama sifa njema ya eneo.

Mchumi wa Maendeleo ya Maeneo

Hapo ndipo ukurasa wa saba ulipaswa kukutana na hesabu. Kipo kipimo rahisi: chukua asilimia ya wafanyakazi wa eneo walio katika sekta hiyo, uigawe kwa asilimia kama hiyo ya nchi nzima. Sekta ikiajiri asilimia 30 katika eneo na asilimia 10 kitaifa, jibu ni 3, maana yake, kwa kawaida, eneo linauza bidhaa ya sekta hiyo nje ya mipaka yake na linaitegemea sana. Kipimo hicho hakisemi kama sekta itakua au itasinyaa. Kinawaonyesha ukubwa wa pigo endapo itayumba, kwa sababu maduka, wahasibu na wasafirishaji huishi kwa fedha inayoingizwa na sekta hiyo.

Kisha pimeni ushindani. Kama soko lenu lina mita za mraba 24,000 za ofisi zilizo wazi, na kila mwaka zinachukuliwa 6,000 zaidi ya zinazoachwa, itachukua miaka minne kuzijaza. Jengo jipya la mita 12,000 likikamilika katikati, muda huo unakuwa miaka sita. Vibali vya ujenzi vilivyokwisha kutolewa vitawaambia kama jengo la namna hiyo linakuja.

Mthamini Mstaafu

Kwa hali hiyo, kugawa mapato ya mwaka mmoja kwa kiwango kimoja hakufai, kwa kuwa njia hiyo inadhani mapato yametulia. Ombeni hesabu ya mwaka hadi mwaka, inayoonyesha kila mkataba unapoisha, miezi ambayo nafasi itakaa wazi, gharama ya kukarabati kwa ajili ya mpangaji mpya na malipo ya dalali, kisha mapato ya kila mwaka yarudishwe kwenye thamani ya leo, yaani yapunguzwe kwa kuwa fedha ya baadaye ina thamani ndogo kuliko ya sasa. Ifanywe mara mbili: kiwanda kikiendelea kama kilivyo, na kiwanda kikipunguza kazi. Mthamini aandike pia, palepale penye hesabu, ni nani mwingine katika soko hilo anayeweza kuzipanga ghorofa hizo tatu, na kwa pango gani.

Mjumbe wa Kamati

Ahsanteni. Leo tumemrudishia mthamini ripoti pamoja na maswali hayo, na tumemwandikia muuzaji kuomba muda zaidi.