Dagaa mchele ni samaki wazima au watoto wa samaki wengine?

Mama_Chanja: Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi nachemsha na kuanika dagaa huku Mangapwani, Unguja. Mteja kaniambia tunaimaliza bahari, eti hawa ni watoto wa samaki wakubwa, wangeachwa wangekuja kuwa vibua na jodari. Neno hilo limenikaa moyoni. Ni kweli? Na kwa nini mbalamwezi ikiwa kali hawapatikani?

Bwana_Samaki: Waalaikum salaam dada. Dagaa mchele haendi kuwa kibua hata umwache vipi. Ni jamii yake mwenyewe, akifika sentimita 6 hivi ameshapevuka na anataga. Wengi hawamalizi mwaka, lakini hutaga mara nyingi, na mayai yao huelea tu majini hadi yaanguliwe. Chagua jike lenye tumbo nene ulipasue, utaona mayai. Mtazame pia mdomo: uko chini ya pua, na taya linapita nyuma ya jicho. Ubavuni ana mstari wa fedha, na pezi la mgongoni ni moja, laini, halina miiba.

Kuhusu mwezi: chakula chake ni vijidudu vya majini, wengi jamii ya kamba, wadogo mno. Usiku vinapanda juu, naye anavifuata. Kukiwa na giza, taa inawakusanya yeye na vijidudu mahali pamoja. Mbalamwezi ikitanda bahari nzima, kundi linatawanyika na taa haina nguvu tena.

Nahodha_wa_Giza: Kweli tupu. Sisi twamfuata mkondoni, kati ya Unguja na bara. Lakini wapo wanaokokota nyavu za macho madogo ufukweni, juu ya majani ya bahari. Huko ndiko wanakolelewa tasi na changu. Mteja wako kakosea samaki, ila hofu yake ina msingi.

Bwana_Samaki: Nakuunga mkono, nahodha. Hilo linaniuma kuliko yote, maana tasi akichotwa akiwa na urefu wa kidole hajataga hata mara moja. Dada, ukiona miiba mgongoni, huyo si dagaa.

Mama_Chanja: Ahsanteni sana. Nimepasua hapa hapa chanjani, mayai nimeyaona kwa macho yangu. Na ndani ya ndoo ileile nimetoa tasi wachanga. Giza lijalo sitoi pesa kabla ya kumwaga ndoo na kuangalia, na boti nitaiuliza imevua wapi.