Mjadala: Kuinua Land Cruiser uani kwako, ni haki yako au tuwekewe ukaguzi?

Dereva wa Kaskazini

Wakuu, habari za jioni. Masika yakikaribia, huku Arusha biashara ya kuinua magari huchangamka. Mtu ananunua seti ya springi ndefu na shokapu zake, anaita fundi na kijana wa kumshikia spana, gari linawekwa juu ya jeki uani, na kabla ya magharibi Prado imepanda sentimita 5, 8, wengine hata 10. Kesho yake iko barabara ya Namanga na familia ndani. Hakuna aliyeikagua. Trafiki akiisimamisha ataangalia leseni, bima, mikanda, kizima moto na pembetatu, kisha atasema safari njema.

Hoja yangu ni hii. Kuinua nyumbani kuachwe huru mpaka sentimita 5. Ikizidi hapo, breki, stelingi na taa zikaguliwe kabla gari halijarudi barabarani, na mabadiliko yaandikwe kwenye kumbukumbu za gari. Sitaki marufuku. Njia za Loliondo na Ziwa Natron tunazijua, na gari likishapakia watalii, maji, mafuta ya akiba na hema, linakaa chini mno. Lakini gari la tani mbili na ushee likiwa barabarani haliwezi kuwa suala la mwenye gari peke yake.

Namba hiyo sijaiokota. Australia, ambako Land Cruiser ni gari la kila mtu wa shamba, wana mwongozo wa kitaifa wa kubadilisha magari uitwao VSB 14. Majimbo yanatofautiana kidogo, ila msingi wake ni huo: milimita 50 unajifanyia mwenyewe, juu ya hapo unamtafuta mhandisi aliyeidhinishwa akupe cheti. Ujerumani ndio wakali zaidi, hata springi ukibadilisha lazima wakaguzi waipitishe. Mimi nachukua njia ya Australia. Karibuni mnipinge.

Mtoto wa Gereji

Mkuu, umeandika vizuri lakini umesahau uko nchi gani. Ukaguzi wako utaishia kuwa kituo kingine cha kutoa kitu kidogo. Mwenye hela atapata karatasi bila gari kufunguliwa hata boneti, na asiye na hela ataficha gari uchochoroni. Tumeshaona stika zinabandikwa vioo vya magari ambayo breki zake unazisikia zikilia kabla hujaliona gari lenyewe. Halafu hao watu wamekufa wangapi kwa springi? Wanaokufa wanakufa kwa mwendo kasi, ulevi na kupita gari jingine mlimani. Acheni watu na magari yao.

Fundi wa Unga Ltd

Wadogo zangu, kabla ya siasa twende kwanza chini ya gari, maana naona wengi wanazungumza springi wakati springi ni jambo dogo.

Land Cruiser na Hilux nyingi zisizo na ABS, ule mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki, zina vali ya breki upande wa nyuma, imefungwa kwenye chesisi na kuunganishwa na ekseli kwa fito. Kazi yake ni kupima mzigo. Gari likibeba, nyuma inashuka, fito inasukuma, vali inafungulia breki za nyuma presha zaidi. Likiwa tupu, presha inapunguzwa ili magurudumu ya nyuma yasijifunge ukaserereka. Sasa wewe umeinua nyuma sentimita 7 na fito umeiacha palepale. Vali inaamini gari ni tupu siku zote. Unapakia watu wanane, unateremka Rhotia, unakanyaga breki, na sehemu kubwa ya kazi inafanywa na breki za mbele. Dereva hatajua. Kwenye tambarare gari linasimama vizuri tu. Dawa yake ni kipande cha bati nene cha kupandisha vali au kurekebisha urefu wa fito, kazi ya saa moja. Naletewa magari yaliyoinuliwa kila msimu, na hii ndiyo kitu cha kwanza ninachokikuta kimesahauliwa.

Cha pili ni usukani. Gari lenye ekseli nzima mbele, Land Cruiser 79, Defender ya zamani, Jimny, likiinuliwa ekseli inazunguka kidogo, na ule mlalo unaofanya usukani urudi katikati wenyewe baada ya kona unapungua. Barabarani gari linaanza kutangatanga, dereva anarekebisha kila mara, anasema ni upepo. Si upepo. Linahitaji bushi maalumu zenye tundu la pembeni, na fito inayozuia ekseli isiende kushoto au kulia nayo irefushwe, maana ukiinua gari, ekseli inavutwa upande mmoja.

Prado na Hilux za sasa mbele hazina ekseli nzima. Kule tatizo ni pembe za sivi jointi, vile viungo vinavyozungusha magurudumu ya mbele, na boljointi za juu. Na kuna mchezo wa spesa, kile kipande cha chuma kinachowekwa juu ya shokapu. Watu wanadhani spesa ya sentimita 5 inainua gari sentimita 5. Shokapu imefungwa katikati ya mkono unaoshika gurudumu, si kwenye gurudumu lenyewe, kwa hiyo gari linapanda karibu mara mbili. Mtu ametaka 5 amepata 9 au 10, mpira wa sivi jointi unachanika, vumbi linaingia, na ndani ya miezi michache jointi inagonga kila ukikata kona.

Kuhusu nyumbani au gereji: sioni tofauti. Wapo vijana wanaofanya uani kazi safi kuliko gereji zenye bango kubwa. Ninachokataa ni gari kukaa juu ya jeki na tofali bila stendi. Na springi ya mbele ya Prado inakaa kwenye shokapu ikiwa imebanwa kwa nguvu ya mamia ya kilo. Ukifungua nati ya juu bila kibanio kinachofaa, inaruka, na haichagui pa kupiga.

Vitz ya Kijenge

Nyie mnabishania vali, mimi naomba kuuliza taa. Gari likishainuliwa, mwanga unapanda nalo. Usiku njia ya Kijenge nakutana na hizo Prado zenu, siioni barabara, simuoni mwenda kwa miguu. Nikiwasha taa kuwaomba wapunguze, wananiwashia kubwa ndiyo nigundue zile za mwanzo zilikuwa ndogo. Skrubu ya kushusha taa ipo nyuma ya taa yenyewe, bisibisi moja tu. Na bampa zenu zikifika usawa wa kioo changu, siku ya kugongana mtanipanda. Hilo nalo ni haki ya mwenye gari?

Mtoto wa Gereji

Hapo kwenye taa sina ubishi.

Mama Safari

Mimi nina magari ya kubeba wageni na mafundi wangu wanainua uani kwangu, kwa hiyo nina maslahi, niseme mapema. Mdogo wangu Dereva, ukaguzi kwa magari ya biashara naukubali, tena uwe mkali. Gari la mgeni limerefushwa, paa limekatwa ili lifunguke, viti vimeongezwa, uzito wote uko juu. Ukiinua tena sentimita 8, kitovu cha uzito kinapanda na kwenye kona ya changarawe linalala. Hatari hiyo mgeni hakuichagua.

Ila kwa gari la mtu binafsi, swali langu ni moja: unainua ili iweje? Wengi hawajui kwamba gari lenye ekseli nzima ukiliinua springi, difu, ule uvimbe wa chuma katikati ya ekseli, inabaki palepale ilipokuwa. Difu imekaa kwenye ekseli, ekseli imekaa kwenye magurudumu. Umepandisha chesisi, tangi na ngazi za pembeni, lakini lile jiwe la katikati ya njia litagonga difu vilevile. Anayepandisha difu ni tairi, na tairi nayo inakupa nusu tu: ukitoka inchi 31 kwenda 33, umepata inchi moja, basi. Na spidi mita inaanza kukudanganya, inasoma chini ya mwendo wako halisi.

Gari likishuka nyuma kwa mzigo, dawa ni springi iliyotengenezwa kwa mzigo ule, si springi ndefu kuliko zote dukani. Mtu anaweka springi za kilo 500 kwenye gari analokwenda nalo Njiro kula nyama choma peke yake. Linadunda, mgongo unauma, halafu analaumu barabara ya halmashauri.

Na bima msiisahau. Mkataba wa bima unakutaka useme ukweli kuhusu gari unalokatia. Ukibadilisha gari usiseme, siku ya ajali umempa mwenye kampuni mlango wa kukataa kulipa. Hapo karatasi ya ukaguzi inakulinda wewe mwenyewe.

Mdau wa Nanyuki

Wadau wa Tanzania, salamu kutoka upande wa pili wa mpaka, Kenya. Huku tuna Rhino Charge tangu 1989, magari yanashindana porini kuchangia uhifadhi, yalianza na uzio wa milima ya Aberdare. Hayo ndiyo magari yaliyobadilishwa kuliko yote mtakayoona, yanapanda majabali ambayo mbuzi anafikiria mara mbili. Na bado hukaguliwa kabla ya kuachiliwa. Hakuna anayelia kwamba haki yake imenyang'anywa. Ukaguzi ukifanywa na watu wanaojua magari, wenye magari hawaukatai. Shida ni kumpa kazi hiyo mtu mwenye kalamu tu.

Mswahili wa Maskati

Assalaam aleikum. Huku Oman ukibadilisha gari bila ruhusa ya polisi ni kosa, na gari ukilipeleka kwenye ukaguzi hivyo linarudishwa. Watu wanalalamika, lakini wanafuata. Jambo ambalo sijaona mkilitaja ni upepo wa tairi. Katika mchanga wa Wahiba gari la kiwandani lililopunguzwa upepo hadi psi 15 hivi linapita, na lililoinuliwa lenye upepo 35 linazama. Kipimo cha upepo na pampu ndogo ni nafuu kuliko seti ya springi. Ukitoka mchangani, jaza tena kabla ya kushika lami.

Mtoto wa Gereji

Shekh wa Maskati, udongo wetu mweusi wa mbuga ukilowa haujui mambo ya upepo 15. Unanasa hadi chesisi.

Lakini narudi kwenye hoja. Fundi amenishtua na hiyo vali, nakiri nilikuwa siifikirii hivyo. Swali: nani atakagua? Huyo mkaguzi anajua vali iko wapi? Nikiambiwa ni Fundi wa Unga Ltd anasaini, nakubali leo. Nikiambiwa ni dirisha la ofisi, hapana.

Dereva wa Kaskazini

Basi tusogee hapo. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi aliyejifunza mtaani anapimwa na kupewa cheti. Fundi mwenye cheti asaini karatasi ya gari aliloinua, jina lake na namba yake. Likiua kwa breki, anajulikana. Hakuna dirisha, hakuna foleni.

Mama Safari

Na asaini kipimo, siyo neno "salama". Kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, kabla na baada, pande zote nne. Hicho mtu yeyote anaweza kurudi kukipima kwa futi, hata trafiki wa barabarani.

Fundi wa Unga Ltd

Kipimo nakiunga mkono. Cheti ninacho, ila vijana wangu wawili bora hawana, na mmoja wao kusoma ni shida, kwa hiyo huo mtihani uwe wa mikono.

Niongeze mambo mawili kwa wanaofanya uani wiki hii, maana sheria haitafika kabla ya mvua. Yubolti za zamani, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, msizirudishe, zikishavutwa mara moja zimekwisha. Funga mpya, na baada ya kilomita mia chache rudi uzikaze tena. Na bolti za bushi za mpira zisikazwe mwisho gari likiwa juu ya jeki. Lishushe chini, lisimame kwa uzito wake, ndipo ukaze. Ukikaza likiwa juu, gari likishuka mpira unabaki umesokotwa kama nguo inayokamuliwa, na hautamaliza mwaka.

Vipande vya chuma kati ya springi na ekseli, nyuma kimoja tu, kiwe cha kiwandani. Mbele kamwe. Aliyepanga viwili asije kwangu kulalamika, aje kuvitoa.

Vitz ya Kijenge

Na taa?

Fundi wa Unga Ltd

Na taa, dada. Anayekuja kuinuliwa kwangu aje na mzigo wake wa kawaida ndani, taa tunazipima ukutani likiwa limebeba.