Naomba ushauri: Mji wa Kale hadi Mnarani kwa baiskeli, siku moja

Wa_Kibokoni: Asalaam aleikum ndugu zangu. Jumamosi nataka kutoka Mji wa Kale, Mombasa, kwa baiskeli hadi magofu ya Mnarani, Kilifi, kama kilomita 60 hivi. Navuka Daraja la Nyali, napita Mtwapa nione magofu ya mji wa Jumba la Mtwana, kisha Vipingo mpaka kwenye feri. Nitafika mchana? Usingizi umenipaa.

Bi_Tausi: Waleikum salaam mwanangu. Jumba usiliruke! Mji ulihamwa karne ya 15, lakini msikiti wa ufuoni kuta zake zimesimama. Niliwapeleka wanangu, yule mdogo akalala chini ya mbuyu hadi alasiri, tukakosa matatu. Beba maji.

Fundi_Spoku: Baiskeli gani? Na mzigo? Vipingo ni makonge matupu, kivuli hupati. Tena saa hizi ni kaskazi, ukielekea Kilifi itakupiga usoni njia nzima.

Wa_Kibokoni: Ya chuma, haina gia, ya marehemu baba. Mzigo si mkubwa.

Fundi_Spoku: Mzigo gani, kaka?

Wa_Kibokoni: Mwanangu, ana miaka 9. Lakini keria nimeshaichomelesha, nikafunga kipande cha godoro kwa kanga ya mamake. Ameshawaambia wenzake wote wa madrasa. Nimwambie nini sasa?

Mzee_Kisauni: Kijana, mtoto si gunia la nazi. Lori likikupita kwa kasi, upepo wake peke yake wakutoa nje ya lami. Nimeuguza mtu kwa ajili hiyo miezi minne.

Mpita_Njia: Jamani, mnatungiwa hadithi. Feri ya Kilifi iliisha daraja lilipofunguliwa 1991. Na Mnarani iko upande huu wa Mombasa, huvuki chochote! Huyu hajafika Kilifi.

Bi_Tausi: Lo! Na mimi nilikuwa nishaanza kumwombea dua.

Wa_Kibokoni: Kweli sijafika. Njia nimeitoa kwenye daftari la baba: "Kilifi. Tumengoja feri. Korosho." Aliniahidi atanipeleka, akafariki nikiwa na miaka 9.

Mpita_Njia: Nisamehe ndugu yangu. Nimekukosea.

Fundi_Spoku: Basi sikiza. Alfajiri pandisheni baiskeli juu ya matatu hadi Kilifi mjini. Mtoto mpakie pale, mwende polepole. Mkifika darajani shukeni, msukume. Mkishamaliza Mnarani, yeye arudi na matatu pamoja na mamake. Wewe ukitaka kuja kwa baiskeli, kaskazi itakuwa mgongoni.

Wa_Kibokoni: Mamake atakubali hiyo. Na pale palipokuwa na feri, paonekana bado?

Mzee_Kisauni: Paonekana. Nimeingoja feri pale mara nyingi, jua la utosi. Simameni katikati ya daraja, mwonyeshe maji ya chini. Korosho nunueni mjini kabla hamjavuka.