Wakuu, Python inakikana kigeu nilichokitangaza mwenyewe

Mtoto wa Mpunguzi
Habari za jioni wakuu. Niko Dodoma, najifunza Python, lugha ya kuandikia programu, mwenyewe kwa laptopu ya kuazima. Mama mdogo analima zabibu, nikasema nimtengenezee kaprogramu ka kujumlisha kreti za mavuno. Ndani ya fankisheni (kipande cha programu chenye jina) vuna() nina kigeu, yaani jina linaloshika thamani: jumla = 0, na humo humo kuna fankisheni nyingine, pima(). Ndani ya pima nikiandika print(jumla), inasoma bila shida. Nikiongeza mstari mmoja tu chini yake, jumla = jumla + kreti, inagoma: UnboundLocalError, yaani kigeu cha humo ndani hakijapewa thamani. Na inagomea ile print ya juu iliyokuwa inafanya kazi! Jana nimelala saa nane usiku. Nimekosea wapi?

Fundi wa Area C
Dogo, hapo wengi tumeshalia. Kompaila ya Python (inayotafsiri ulichoandika kwa ajili ya kompyuta) huipitia fankisheni nzima kabla haijaendeshwa. Ikikuta jina linapewa thamani popote humo, inaliandikisha kuwa la humo humo, tangu mstari wa kwanza. Kwa hiyo print yako inaitafuta jumla ya pima, ambayo bado haina kitu. Mwanzoni mwa pima weka nonlocal jumla, yaani itumie ile ya vuna; nonlocal ni neno lililokuja na Python 3 mwaka 2008. Usiweke global, hiyo inaruka vuna na kwenda moja kwa moja nje ya fankisheni zote.

Binti Kondoa
Chukulia nyumba yenye babu Mazengo na mjukuu Mazengo. Ukiita chumbani, anaitika mjukuu. Babu yupo, anaota jua uani, ila sauti haimfikii. Asingekuwepo mjukuu, ungesogea sebuleni, kisha uani. Kompaila nyingi zinatafuta hivyo: kila bloku (fungu la mistari ya programu) ina jedwali lake la majina, zinaanza la ndani kabisa zikitoka nje. Lugha ya zamani ya ALGOL 60 ilikuwa na mpangilio huo tangu 1960. Wewe umemtuma mjukuu dukani kabla hajazaliwa.

Kahawa Chungu
Ndiyo maana nimebaki na lugha ya Java. Kigeu cha methodi (fankisheni ya Java) ukikirudia jina kwenye bloku ya ndani, inakataa mapema.

Fundi wa Area C
@Kahawa Chungu, fildi ya klasi, yaani kigeu kilicho nje ya methodi, je? Hiyo inafunikwa kimya kimya tu mkuu.

Mtoto wa Mpunguzi
Imekubali! Asanteni sana, dada Kondoa nimecheka peke yangu. Sasa programu inasema kreti 43, mama mdogo anashikilia ni 45. Hilo nadhani si la kompaila.