Jasusi nimeshamfuta, mbona kila nikiwasha kompyuta naambiwa faili halipo?

MamaDaftari
Wakuu, habari za saa hizi. Nina kompyuta ya zamani, Windows XP. Tafadhali msiniambie ninunue mpya: humo kuna programu ya hesabu isiyokubali kukaa kwenye Windows za sasa, na vitabu vya miaka mingi viko ndani yake.

Mpwa wangu alipakua kikorokoro cha kupamba kishale cha mausi. Tangu siku hiyo ikawa matangazo juu ya matangazo, na ukurasa wa mwanzo wa mtandao unajibadilisha wenyewe. Nikaisafisha kwa programu ya kuondoa majasusi (spyware, programu zinazojipenyeza kisirisiri), ikakamata lundo, nikafuta vyote. Matangazo yamekoma.

Sasa kila ikiwaka kinaruka kidirisha chenye alama nyekundu ya X, juu kimeandikwa RUNDLL: "Error loading C:\WINDOWS\system32\qomtvlk.dll. The specified module could not be found." Nikibofya OK kinaondoka, kazi zinaendelea. Jina hilo nimelitafuta mtandaoni, halipo popote. Kuna tovuti inadai inatoa dll yoyote inayokosekana. Nipakue huko? Au nifute rundll32, maana ndiyo inayolalamika?

FundiNyaya
Usipakue, na rundll32.exe usiiguse kabisa! Hiyo ni mali ya Windows, kazi yake ni kuendesha faili za dll (vipande vya programu) inazoagizwa. Ni tarishi tu.

Hiyo qomtvlk ndiyo jasusi mwenyewe. Faili umelifuta, ila agizo la kuliita limebaki kwenye rejista, yaani daftari la mipangilio ya Windows. Windows ikiwaka inasoma agizo, inakwenda kulitafuta, hailikuti, inakuja kukulalamikia wewe. Kwa hiyo kidirisha hicho ni habari njema kwa kiasi fulani. Jina hulipati mtandaoni kwa sababu wengi wa jamii hiyo hujibunia herufi za ovyoovyo, kila kompyuta jina lake. Na hizo tovuti za dll za bure ndiko watu wanakookota jasusi wa pili.

Bofya Start, kisha Run, andika msconfig, nenda Startup. Kwenye safu ya Command tafuta mstari wenye rundll32 pamoja na jina hilo, toa tiki, uwashe upya. Ukitaka kuling'oa moja kwa moja, fungua regedit uende HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Run, halafu njia hiyohiyo chini ya HKEY_CURRENT_USER. Kabla ya kufuta, tumia File, Export kuhifadhi nakala ya folda hiyo ya Run.

Kitasa
Naongezea. Mimi hutumia Autoruns ya Sysinternals, programu inayoorodhesha kila kinachojiwasha pamoja na Windows. Kwa XP itabidi utafute toleo la zamani, mapya hayaikubali. Maagizo yasiyo na faili yanapakwa njano na kuandikwa "File not found". Lakini usifyeke kila cha njano! XP hata ikiwa mpya kabisa ina madereva (drivers, programu za kuendesha vifaa) ya jina tu, mfano Changer, lbrtfdc na PCIDump, ambayo faili zake hazipo na hayana madhara. Toa tiki kwanza, washa, tazama, ndipo ufute.

Ukifika sehemu ya Winlogon, inayosimamia kuingia kwenye Windows, punguza mwendo. Thamani ya Userinit inatakiwa isomeke C:\WINDOWS\system32\userinit.exe, na mkato wa mwisho ni sehemu yake. Enzi za XP kulikuwa na jasusi aliyeweka wsaupdater.exe mahali pake. Watu walimfuta, wakawasha, wakaingiza nywila, papo hapo kompyuta ikawatoa nje. Wakiingia tena, inawatoa tena. Hakuna cha Safe Mode wala nini.

MamaDaftari
Asanteni sana. Mstari ulikuwa msconfig, nimetoa tiki, kidirisha kimekwisha. Userinit iko sawa na mkato wake. Ila kivinjari hakifungui ukurasa wowote, ingawa ping (jaribio la kuona kama mtandao unafika) inajibu vizuri.

FundiNyaya
Shikamoo shangazi 😄 Ping ikijibu na kivinjari kikagoma, tazama proksi, yaani kituo cha kati ambacho kurasa hupitia. Control Panel, Internet Options, Connections, LAN Settings. Kama kuna tiki kwenye proksi na anwani 127.0.0.1 (yaani kompyuta yako yenyewe), jasusi alikuwa anapitisha kurasa zako kwake kwanza, na sasa hayupo. Toa tiki. Ingekuwa hata ping haijibu, ningekwambia uandike netsh winsock reset kwenye cmd, agizo la kurudisha mipangilio ya mtandao ilivyokuwa mwanzo; inafanya kazi kuanzia Service Pack 2 ya XP.

Kitasa
Swali langu ni moja: programu ya hesabu inahitaji mtandao? XP haijaungwa mkono na Microsoft tangu tarehe 8 Aprili 2014. Kama haihitaji, chomoa waya.

MamaDaftari
Marahaba, FundiNyaya. 127.0.0.1 ilikuwepo kweli, nimeitoa, kurasa zinafunguka. Kitasa, haihitaji. Nanakili vitabu kwenye diski ya nje, kisha nachomoa. Mpwa atafute mahali pengine pa kupambia vishale.